Kalemie: Tarakimu za afya zipo, nani anazisoma?

Kila mara kipindupindu kinaporudi Kalemie, kazi ya kuwaarifu wakaaji huanza namna ileile: tangazo redioni, megafoni sokoni, bango kwenye ukuta wa kituo cha afya. Ni nadra mtu kuuliza kwanza kama hao wanaoarifiwa wana redio.

Jibu lipo, walau nusu yake. Kongo imefanya uchunguzi mkubwa wa watu na afya, ule unaoitwa EDS, mara 3: mwaka wa 2007, 2013-2014 na 2023-2024. Wanawake wa miaka 15 hadi 49 huulizwa wanasikiliza redio, wanatazama televisheni na kusoma gazeti mara ngapi. Katika uchunguzi huohuo huandikwa nani alilala chini ya chandarua usiku uliopita, na nyumba inapata maji ya kunywa wapi.

Hapo ndipo faida ilipo. Ukiweka majibu hayo pamoja, unaweza kutenganisha mama ambaye habari haimfikii na yule anayeisikia kila siku lakini maji yake ni ya ziwa. Wa kwanza anahitaji mjumbe. Wa pili anahitaji bomba, na kumrudishia tangazo la kunawa mikono ni kumchosha bure.

Lakini tarakimu hizi zataka uangalifu. Mwenye redio mara nyingi ndiye mwenye pesa na masomo. Watoto wake wakilala chini ya chandarua, ni redio au ni mfuko? Lazima kulinganisha watu wa hali moja ya maisha, na EDS inaruhusu hivyo kwa kuwa inaandika pia mali ya nyumba, toka sakafu hadi baiskeli. Tena, wastani wa jimbo la Tanganyika unachanganya teritware 6. Mtaa wa kando ya ziwa na kijiji cha Nyunzu huwa kitu kimoja. Sensa ya mwisho ya nchi ni ya 1984, na watu wengi wamehamahama kwa sababu ya vita kati ya Watwa na Wabantu. Na uchunguzi unauliza kama mtu amesikia, hauulizi kama ameamini. Hilo la mwisho litabaki kazi ya kwenda kuongea na watu, kwa Kiswahili, Kiluba au Kitabwa.

Mwezi wa pili 2025 Marekani ilikata msaada wa programu iliyosimamia chunguzi hizi katika nchi nyingi. Hakuna anayeweza kuahidi EDS ya 4 itafanyika lini. Kwa hiyo divisheni ya afya ya jimbo ingefaa kuzitumia hizi zilizopo kabla ya kulipia kampeni nyingine. Kabla msaada haujakatwa, mtafiti aliyejiandikisha alipewa data bila malipo, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kalemie hutafuta mada za utafiti kila mwaka.