Rangi Ipuliziwe Karakanani, Si Bwenini

Sina ugomvi na wenzetu wanaochonga visamaki vya mbao viwe chambo cha kuvulia mbuta ziwani likizo ikifika. Kazi yao ni safi. Hata paka angedanganyika. Ugomvi wangu ni mahali wanapovipulizia rangi: bwenini, madirisha yamefungwa, ati upepo usilete vumbi!

Rangi ikitoka kwenye kibomba huwa ukungu. Unaofikia kisamaki ni sehemu tu. Mwingine hutua vitandani, na mwingine tunauvuta sisi. Kitambaa puani hakizuii mvuke wa thina. Tena mvuke huo hushika moto upesi, na bwenini hakukosi wa kuwasha kiberiti. Jamani!

Watasema nje kuna upepo. Ni kweli, lakini karakana si ipo? Wachukue katoni kubwa, waitoboe nyuma, waiweke kwenye dirisha lililo wazi upande usioingia upepo, wapulizie humo, kibomba kikiwa karibu na kwa nguvu kidogo. Na watumie rangi ya maji, hata kama haing'ai sana. Walimu nao, tafadhali, msiwanyang'anye vibomba. Wapeni ufunguo wa karakana Jumamosi.