Mnyama Asiye na Alama

Punda wa gari akikata kamba usiku huko Ng'ambo, asubuhi akaonekana Bububu, ni nani atakayethibitisha kuwa ni wake? Mwenyewe atasema ni wa kijivu, mwenye mstari mweusi mgongoni. Punda wa namna hiyo ni wengi Unguja. Mwizi naye atasema maneno hayo hayo, na sheha hana la kuamulia.

Sisi tuliokaa chuoni tulisomeshwa kwamba mwenye kuokota mali huzishika alama zake, akaitangaza mwaka mzima, na ajaye kuidai huulizwa alama kwanza. Basi mnyama asiye na alama amemnyima mwenyewe ushahidi.

Tanzania Bara ilitunga sheria ya utambuzi wa mifugo mwaka 2010. Hata hivyo, zoezi la hereni za kielektroniki lilisitishwa mwaka 2022, wafugaji wakilalamikia gharama. Twawaomba wakuu wetu wa mifugo walizingatie hilo. Mwenye ng'ombe mmoja Makunduchi asitozwe. Apewe hereni ya plastiki yenye namba, na namba hiyo iandikwe katika daftari la shehia.

Na paka wa Mji Mkongwe? Wako watakaocheka. Lakini paka aliyevishwa ukanda shingoni wenye namba ya simu, mtoto yeyote wa Shangani aweza kumrudisha kwao. Asiye nao huhesabiwa wa mitaani, hata kama amelelewa na bibi kizee miaka kumi.