Chipukizi wa Kwale wanahama timu, lakini nani anaandika?

Jumamosi moja mwezi wa Aprili nilikwenda Ukunda kutazama mechi ya vijana, nikamkuta kijana wetu akichezea upande wa pili. Nasema "kijana wetu" kwa mazoea tu. Ana miaka 14, kwao ni Msambweni, na kwa miaka minne amekuwa akija mazoezini kwetu, wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Wiki moja kabla ya hapo alikuwa nasi. Siku hiyo amevaa jezi mpya ya rangi ya machungwa na njumu ambazo hata vumbi hazijaonja. Aliponiona aliinamisha kichwa kama mtu aliyefumaniwa.

Mechi ilipokwisha alinijia. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia. Nikamuuliza ni nani aliyempeleka huko. "Walikuja nyumbani wakaongea na mama," akasema, na hapo maneno yakamwishia.

Mimi si mwalimu wala si kocha. Ni katibu wa timu ya mtaani. Kazi yangu ni daftari la majina, kuchangisha nauli na kukimbizana na mwenye uwanja. Lakini watoto huku kwetu kila mtu mzima aliyesimama kando ya chaki humwita mwalimu, na siku hiyo jina hilo lilinikera. Nilikaa siku mbili na hasira juu ya yule mtoto. Siku ya tatu nilikwenda kwa mamake, tukaketi barazani, akanieleza hesabu yake. Wale watu walileta njumu. Walilipa nauli ya mwezi. Walisema kuna shule itakayomchukua kijana bila karo akiendelea hivi. "Nyinyi mlimpa nini, mwanangu?" akaniuliza, wala hakuwa na ubaya moyoni. Nilifikiria mpira wetu wenye viraka, nikanyamaza.

Ndipo nikaanza kulitazama jambo hili upya. Kuhama kwa watoto kutoka timu hii kwenda ile si jambo geni Kwale. Kuanzia Tiwi hadi Vanga, hakuna timu ya vijana isiyonyang'anywa mtu, wala hakuna isiyonyang'anya. Kilichobadilika ni kasi. CHAN ya Agosti 2025 iliwasha moto: Harambee Stars ilifika robo fainali kabla ya kutolewa na Madagaska kwa mikwaju ya penalti, na tangu siku zile viwanja vyetu vya mchanga vimejaa. Mbele yetu kuna AFCON ya 2027, ambayo Kenya itaandaa pamoja na Tanzania na Uganda. Halafu kuna uchaguzi mkuu wa Agosti 2027, na kila anayenyemelea kiti, kuanzia cha wadi hadi cha kaunti, ana kombe lake, jezi zake na mbuzi wake wa ushindi.

Makombe haya ndiyo yanayovuruga mambo kuliko yote. Timu inaundwa Jumatano, inacheza Jumamosi, inavunjika Jumapili jioni baada ya picha kupigwa. Watoto hukusanywa kwa bodaboda kutoka Kinondo, Mwangulu, Ramisi, popote panapojulikana pana mguu mzuri. Nimemwona kijana mmoja akisomwa kwenye orodha tatu tofauti mwezi mmoja, kwa majina matatu. Waungwana wa soka huwaita mamluki, na sisi hucheka. Mtoto mwenyewe hupata soda, mia mbili au mia tatu, na siku ya furaha. Siwezi kumlaumu.

Lakini msichana mmoja wa miaka 15 tunayemfahamu aliumia goti kwenye kombe la namna hiyo. Timu iliyomwazima haikuwa na ofisi, wala mwenyekiti, wala namba ya simu inayoshikwa. Kocha wake wa kawaida hakujua kama amekwenda kucheza. Mzigo wote wa matibabu ulimwangukia mamake, muuza samaki. Leo msichana huyo anatazama wenzake akiwa kando ya uwanja. Ukiuliza alikuwa mchezaji wa nani siku alipoumia, hakuna anayeinua mkono.

Shule nazo zimeingia kwa nguvu. Tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya wameingia Gredi ya 10, na mmoja kati ya mikondo mitatu ya masomo ni wa sanaa na sayansi ya michezo. Kwa mara ya kwanza mguu wa mtoto umekuwa sehemu rasmi ya masomo yake. Pwani yetu ya kusini tayari ilikuwa na shule zenye sifa. Kaya Tiwi imetajwa kwa miaka mingi katika soka na mpira wa mikono wa wasichana, na ukipita Waa utasikia habari hizo hizo. Mtoto wa Kinango ambaye mzazi wake hawezi karo, akiitwa na shule kwa sababu anajua kupiga pasi, mimi nitakuwa wa kwanza kumsindikiza stendi. Kaunti ina mpango wake wa ufadhili wa masomo, Elimu ni Sasa, lakini wanaohitaji ni wengi, na mpira umekuwa mlango wa pembeni.

Shida ni kwamba mlango huo aghalabu hufunguliwa kwa mdomo. Mzazi anaambiwa "karo usijali". Hapewi barua. Haelezwi mtoto akiumia itakuwaje, au kocha aliyemwita akihamishwa na mwalimu mkuu mpya asimjue. Muhula wa pili unaanza na salio la karo, na mtoto anarudi nyumbani na begi.

Sasa tuangalie sheria inasemaje, kwa sababu hapa pana jambo lililonishangaza. Kanuni za FIFA za uhamisho wa wachezaji, kifungu cha 19, zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine. Kuna vighairi vichache. Kimojawapo kinatuhusu sisi wa mpakani: kama mtoto anaishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani, na klabu ya nchi jirani nayo iko ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka huo, na umbali kati ya nyumba na klabu hauzidi kilomita 100, anaweza kusajiliwa. Sharti aendelee kulala kwao, na mashirikisho yote mawili yakubali. Kwa hiyo mtoto wa Lunga Lunga au Vanga akitaka kuvuka kwenda kucheza Tanzania, kuna kipimo cha umbali, kuna idhini ya pande mbili, kuna karatasi.

Mtoto huyo huyo akipakiwa kwenye basi la usiku kwenda Nairobi, zaidi ya kilomita 500, akalale nyumbani kwa mtu ambaye mamake hajawahi kumwona, kifungu hicho hakimgusi. Kinahusu uhamisho wa kimataifa. Ndani ya nchi kazi ni ya shirikisho la taifa, na kwa timu za mtaani, ambazo nyingi hata hazijasajiliwa FKF, hilo maana yake ni kwamba kazi haina mwenyewe. Sheria ya Watoto ya 2022 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu, lakini sijawahi kumwona mtu akiibeba kwenda nayo uwanjani.

Kisha kuna pesa, na hapa ndipo timu ndogo zinajipiga zenyewe. Mchezaji wa kulipwa anapouzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda ya nyingine kabla mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya bei hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una robo ya asilimia. Kuanzia miaka 16 ni nusu asilimia kwa msimu. Yaonekana kidogo. Lakini Victor Wanyama alipotoka Celtic kwenda Southampton mwaka 2013, bei iliyotajwa ilikuwa pauni milioni 12.5. Robo ya asilimia ya fedha hizo ni pauni 31,250. Huo ni msimu mmoja tu wa mtoto wa miaka 13. Piga hesabu mwenyewe ni mipira mingapi isiyo na viraka.

Kuipata, klabu lazima iwe imesajiliwa, na jina la mtoto liwe limeandikwa kwamba msimu fulani alikuwa pale. Timu yetu haikuwa imesajiliwa. Yule kijana wa Msambweni, hata akifika Ulaya kesho, miaka yake minne kwetu kisheria haikutokea. Ndiyo sababu wanaomchukua hawana haja ya kutuuliza.

Nisije nikajifanya malaika. Timu ndogo nasi tuna hila zetu. Siku nilipokabidhiwa ukatibu nilikuta kwenye kabati vyeti halisi vya kuzaliwa vya watoto tisa, vimefungwa kwa mpira wa manati. Vilikuwa vimeshikiliwa ili wenyewe wasihame. Cheti ndicho kinachohitajika shuleni, kwenye usajili, kwenye kitambulisho baadaye. Ukikishika umemshika mtoto shingo. Tulivirudisha vyote, na ndiyo, watatu walihama ndani ya mwezi huo. Wapo makocha pwani hii wanaoendelea na mtindo huo na kuuita nidhamu.

Tena karatasi mbovu hurudi kumng'ata mtoto mwenyewe. Majirani zetu Uganda walilijua hilo kupitia besiboli, mchezo ambao kwetu wengi tunauona kwenye filamu tu. Mwaka 2011 watoto wa timu ya Rev. John Foundation ya Kampala walifuzu kwa fainali za dunia za Little League kule Williamsport, Marekani, timu ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo. Hawakusafiri. Walinyimwa viza kwa sababu maelezo ya umri wao hayakulingana. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ilifuzu, karatasi zikakubalika, wakapanda ndege wakacheza. Jambo jingine lililonivutia katika mchezo huo ni kwamba Little League humhesabu mtoto kwa eneo: unachezea ligi ya mahali unapoishi au unaposoma. Wakubwa hawawezi kuokota watoto mkoa mzima wakaunda kikosi cha wikendi. Fikiria kombe la mheshimiwa huku kwetu likiwa na sharti hilo moja tu, kwamba kila timu icheze na watoto wa wadi yake. Nusu ya makombe yangekosa wachezaji, na pengine nusu ya waheshimiwa wangeanza kukarabati viwanja vya wadi zao.

Sidai watoto wafungwe. Mtoto akipata mahali pazuri zaidi aende, na aende na baraka zetu. Ninachotaka ni kwamba aondoke akiwa ameandikwa: alitoka wapi, anakwenda kwa nani, atalala wapi, nani atalipa akiumia, ahadi ya shule ni ya miaka mingapi. Na mzazi abaki na nakala. Afisa wa michezo wa kaunti anaweza kulifanya hilo kuwa sharti kwa kila kombe linalotumia uwanja wa umma bila kusubiri bunge la kaunti litunge sheria. Tawi la FKF nalo lingeweza kuzishika mkono timu za mtaani zisajiliwe. Uongozi wa Hussein Mohammed, uliochaguliwa Desemba 2024, bado una muda.

Sisi tumeanza na tulichonacho. Tumenunua daftari kubwa la jalada gumu, na kila mtoto ana ukurasa wake: tarehe aliyoanza, nakala ya cheti (halisi kinabaki nyumbani), sahihi ya mzazi, na mistari mitupu ya kuandika anapokwenda. Timu tatu za jirani tumezialika zifanye vivyo hivyo. Moja imekubali. Ya pili imesema tunawatafutia watoto sababu ya kuhama. Ya tatu haijajibu.

Kwa yule kijana nilirudi tena Ukunda. Nilikaa na kocha wake mpya, mtu mstaarabu kuliko nilivyotarajia, nikamwomba aandike barua kuhusu ile shule. Alisema ataleta Ijumaa. Mamake kijana amenipigia simu mara mbili kuuliza kama barua imefika. Mpaka naandika haya, haijafika.