NANI BADO ANAMLIPA?

Ndugu Wafanyakazi,

Hakuna mwanachama atakayekubali msemaji wetu aende kuzungumza na tajiri juu ya mishahara yetu huku akipokea bahasha kutoka kwa tajiri yule yule, hata akiapa kwamba bahasha hiyo haimgeuzi moyo. Kwa nini basi tukubali jambo hilo kwa wale tunaowapeleka Bungeni na Serikalini?

Tazameni mambo ya Marekani. Bwana Dick Cheney aliongoza kampuni ya Halliburton toka mwaka 1995 hata 2000. Januari 2001 akawa Makamu wa Rais. Lakini kampuni iliendelea kumlipa sehemu ya mshahara wake wa zamani uliokuwa umewekwa: zaidi ya dola 205,000 mwaka 2001, na zaidi ya dola 162,000 mwaka 2002. Vita vya Iraq vilipoanza mwaka 2003, KBR, kampuni iliyokuwa chini ya Halliburton, ilipewa kazi ya kutengeneza mitambo ya mafuta ya huko bila kushindanishwa na wengine.

Bwana Cheney alisema hakuhusika na kandarasi ile, na kwamba malipo yake yalikatiwa bima, hayangebadilika kampuni ikipata faida au hasara. Huenda ni kweli. Lakini raia atajuaje? Ubaya wa mambo haya ndio huu: mtu akiwa safi hatumjui, na akiwa mchafu hatumshiki.

Hapa Kenya, mwaka 1971 Tume ya Ndegwa ilikubali watumishi wa Serikali wafanye biashara zao. Madhara yake tumeyaona. Katiba ya 2010, kifungu cha 75, inamtaka kila mwenye cheo cha Serikali aepuke mgongano wa faida yake na kazi ya umma, na mwaka 2025 Sheria ya Mgongano wa Maslahi ikatiwa sahihi. Sheria ni nzuri, lakini ikilala kabatini haimsaidii mtu.

Basi akija mtu kuomba kura, mwulizeni: Ulikuwa ukifanya kazi kwa nani? Una hisa gani huko? Nani bado anakulipa? Na wanaotoka katika vyama vyetu kwenda Bungeni waulizwe vile vile, bila haya. Asiyetaka kujibu amekwisha kujibu.

Njia mbili zilimshinda fisi.

UMOJA NI NGUVU.