Wanauza Saa, Siyo Darasa

Leo sina habari za simu mpya wala ule ugomvi wetu wa Linux na Windows. Leo nina maneno na watu wawili: anayeuza darasa la ulevi mtandaoni, na anayemtuma mtu akalitafute. Wa kwanza ni mfanyabiashara, tunamjua. Wa pili ndiye ninayemtaka zaidi.

Kwa ambao hamjakutana na jambo hili: siku hizi kuna barua zinazomwambia mtu aende akasome "darasa la uelewa wa pombe na dawa za kulevya" kisha alete cheti. Anayeandika aweza kuwa mwajiri, aweza kuwa shule iliyomsimamisha mwanafunzi, aweza kuwa mahakama. Hakimu wa Kenya, kwa sheria ya probesheni, Sura ya 64, anaweza kumweka mkosaji chini ya uangalizi wa afisa kwa masharti badala ya kumpeleka jela. Hapo angalau kuna afisa, binadamu mwenye ofisi, wa kumuuliza ni darasa gani analolikubali. Kwa mwajiri mara nyingi hakuna wa kuuliza. Kuna barua, kuna tarehe ya mwisho, na kuna neno "mtandaoni" lililobandikwa pale kana kwamba ni msaada.

Barua ya namna hiyo imefika hapa kwetu Kebirigo. Jirani yangu ni dereva. Asubuhi moja alipulizishwa kipimo langoni kwa mwajiri wake, kikaona pombe ya jana yake, akarudishwa nyumbani. Hakubishana, na mimi simtetei. Gari kubwa na pombe havikai pamoja. Sharti la kurudi kazini lilikuwa hili: cheti cha darasa la mtandaoni lisilopungua muda wa saa 8, ndani ya siku 14. Darasa lipi? Barua haikusema. La nani? Haikusema. Kwa lugha gani? Hilo halikumpitia mwandishi kichwani hata kidogo.

Kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa kompyuta" hapa kijijini (cheo ambacho ndani yake mna kufufua redio na kuwafutia wazee picha zilizojaza simu), mama yake alinijia. "Mwanangu, mtafutie mwenzako hiyo shule kabla hajarudi kuchuma majani." Anayeijua Kebirigo anaelewa maana yake. Milima yetu ni chai na migomba, kiwanda cha chai kiko hapa hapa, na asiye na kazi nyingine huchuma chai ya watu kwa malipo ya kilo.

Tukatafuta. Ndugu zangu, jaribuni wenyewe. Ukurasa baada ya ukurasa ni wa Marekani: darasa la muda wa saa 4, la 8, la 16, la 24, kila moja na bei yake kwa dola, cheti dakika ileile. "Linakubaliwa na mahakama," wanaandika kwa herufi kubwa. Mahakama gani? Kule kwao mambo haya hutofautiana jimbo kwa jimbo, na mara nyingine ofisi kwa ofisi. California, kwa mfano, anayekutwa na kosa la kwanza la kuendesha gari akiwa amelewa hupelekwa kwenye mpango wenye leseni ya jimbo, na ule wa kawaida ni wa miezi 3 na jumla ya muda wa saa 30, wenye vikundi na mazungumzo ya ana kwa ana na mshauri. Darasa la kubofya-bofya halichukui nafasi yake. Kumbe hata huko linakotoka, bidhaa hii ina milango mingi isiyoweza kuingia. Sisi tumeifungulia mlango bila hata kuuliza nani anabisha hodi.

Sasa nije kwenye kazi ninayoijua. Darasa moja lilikuwa na sehemu ya kwanza ya bure. Chini ya kila ukurasa kuna kitufe cha kuendelea kilichozimwa, na saa inayohesabu kurudi nyuma. Nikafungua vifaa vya wasanidi programu, vile vilivyomo ndani ya kivinjari chochote cha kompyuta. Saa yote imeandikwa kwa JavaScript na inaendeshwa upande wa mtumiaji. Seva haina habari nayo. Seva inasubiri ombi la ukurasa unaofuata, na likija inaupeleka, iwe umekaa dakika 20 au sekunde 2. Kwa wasioandika programu, hii ni shule isiyo na mwalimu ambayo kengele iko mfukoni mwa mwanafunzi.

Maswali ya mwisho wa somo yalikuwa 10. Ukikosea unarudishiwa yaleyale 10, kwa mpangilio uleule, hadi upate. Jina la kwenye cheti linajazwa katika kisanduku kitupu; ukiandika jina la ng'ombe wako, ng'ombe amehitimu. Cheti chenyewe ni faili la PDF lenye muhuri uliochorwa. Hakuna namba ambayo mwajiri anaweza kuihakiki popote.

Kuna msomaji atakayesema, basi saa ihamishiwe kwenye seva na mambo yamekwisha. Hayajaisha. Seva inaweza kuthibitisha kwamba ukurasa ulikuwa wazi kwa muda wa saa 8. Simu ilikuwa mezani. Mwenye simu alikuwa wapi? Muda ni kitu rahisi kupima kwa programu, ndiyo maana wanaupima. Kuelewa ni kugumu, kwa hiyo wameamua kwamba muda ndio kuelewa, na mwajiri amekubali kwa sababu naye anataka karatasi ya kuweka kwenye faili.

Tuje kwenye yaliyomo. Somo lilianza na kinywaji kimoja cha kawaida cha Marekani, chenye gramu 14 za alkoholi tupu: kopo la bia la kipimo chao, glasi ya mvinyo, toti ya pombe kali. Hesabu nzuri, kwa mtu anayekunywa kitu chenye lebo. Chang'aa ina lebo gani? Anayeinywa hajui nguvu yake, na wakati mwingine anayeiuza hajui pia. Neno methanoli halikuwemo katika sehemu yote tuliyosoma. Kenya methanoli imeua watu hadharani: Nairobi mwezi Novemba 2000, zaidi ya watu 100, Mei 2014, tena makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwemo, Februari 2024, Kirinyaga. Mwili huigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo hushambulia mshipa wa jicho. Ndiyo maana manusura wengine hubaki vipofu. Mtu akisema haoni vizuri baada ya kunywa, ni wa kukimbizwa hospitali, siyo wa kulazwa apumzike. Sentensi hiyo moja ingekuwa na faida kwa dereva wa Kebirigo kuliko kurasa 6 za sheria za barabara za watu wa mbali.

Na lugha! Jirani yangu anasema Ekegusii nyumbani na Kiswahili kazini. Kiingereza cha somo kilikuwa cha chuo kikuu. Alikuwa akinitazama mimi nimfasirie. Darasa hili alikuwa anasoma nani basi, yeye au mimi?

Liko jambo linaloniudhi zaidi, na halionekani kwenye skrini. Kabla ya somo unajaza fomu: unakunywa mara ngapi kwa wiki, umewahi kutumia bangi, una mfadhaiko. Nilikuwa nimeacha wazi orodha ya maombi yanayotoka kwenye kivinjari. Tulipofungua fomu, ukurasa ulikuwa unazungumza na kampuni za matangazo. Msidhani ni wasiwasi wa mtaalamu tu. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliibana BetterHelp, huduma ya ushauri nasaha mtandaoni, kwa kuzipa Facebook, Snapchat na wengine taarifa za watumiaji kwa ajili ya matangazo. Kampuni ikakubali kulipa dola milioni 7.8. Aprili 2024 ikafuata Monument, huduma ya kutibu uraibu wa pombe. Iliwaahidi watu usiri, na kwa mujibu wa tume taarifa za watu wanaofikia 84,000 ziliguswa. Hizo ni kampuni kubwa zenye mawakili. Tovuti ndogo ya kuuza vyeti itakuwa na adabu kuliko hizo?

Hapa kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Inaihesabu hali ya afya ya mtu kuwa data nyeti, na kuipeleka nje ya nchi kunahitaji ridhaa ya mwenyewe na ulinzi unaofaa. Sasa niambieni, mtu aliyeambiwa "jaza au upoteze kazi" ametoa ridhaa ya aina gani?

Najua nitajibiwaje. Mshauri nasaha yuko mjini, nauli ni pesa, na aibu ni kubwa. Ukionekana unaingia kwa mshauri asubuhi, jioni soko zima linajua. Mtandao unaficha aibu. Hoja hii naiheshimu. Ni ya kweli. Utafiti wa NACADA wa mwaka 2022 ulisema Mkenya mmoja kati ya kila 6 wa umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa anatumia angalau kilevi kimoja, na hatuna washauri wa kuwatosha hao. Sipingi teknolojia kuingia hapa. Ninapinga teknolojia ya kivivu, tena iliyonunuliwa Marekani, wakati mifano bora iko Afrika Mashariki na imepimwa.

Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, kuna mpango unaoitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Muuguzi anazungumza kwa Kiswahili na mgonjwa aliyefika na majeraha na anayekunywa kwa kiwango cha hatari, halafu mgonjwa anafuatwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Ule mtihani wa Shirika la Afya Duniani wa maswali 10 kuhusu pombe, AUDIT, umepimwa kwa Kiswahili hukohuko. SMS, jamani! Inaingia kwenye kabambe ya nyanya yangu. Karibu zaidi na sisi kuna Eldoret. Watafiti waliandaa tiba ya mazungumzo kwa vikundi, vipindi 6 vya kila wiki, kwa Kiswahili, ikiendeshwa na watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo, siyo madaktari. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021 lilikuwa na watu 614 wenye VVU waliokuwa wanakunywa. Kundi la kulinganisha lilipewa nini? Darasa la elimu ya maisha yenye afya. Makundi yote mawili yalipunguza unywaji, ila la tiba lilipunguza zaidi. Na hata lile darasa la kulinganisha lilikuwa na mtu mbele ya watu, kitu ambacho PDF ya dola haina.

Kwa hiyo mwajiri, mwalimu mkuu, yeyote unayeandika barua hizi: ukimlazimisha mtu kusoma, taja anakosoma. Wewe ndiye mwenye nguvu katika jambo hili. Ungeandika mstari mmoja tu, kwamba darasa liwe na mazungumzo na mshauri wa Kenya aliyesajiliwa, hata kwa simu, wauza saa wote wangekosa mteja siku hiyohiyo. Hukuandika kwa sababu hukutaka kulipa wala kutafuta. Umeuhamishia mzigo huo mtu aliyeko nyumbani bila mshahara.

Jirani yangu alimpigia mwajiri, kwa ushauri wangu, kuuliza ni darasa lipi watakalolikubali. Aliyepokea simu akajibu, "Lolote, bora liwe na saa zake." Siku zilikuwa zimebaki 5. Akalipa dola 45 kwa kadi ya Visa ya M-Pesa, akakaa na Kiingereza kile siku mbili saiba, bila kuruka ukurasa, kwa sababu ni mtu mwaminifu. Cheti kilikubaliwa bila hata kufunguliwa mbele yake. Katikati ya wiki hiyo alikuwa amepiga 1192, namba ya NACADA isiyolipishwa, akaongea na mtu kwa Kiswahili kuhusu usiku anaoshindwa kulala bila kunywa. Mazungumzo hayo hayakumpa karatasi yoyote, na barua ya mwajiri haikuwa na nafasi ya kuyahesabu.

Kama una barua ya namna hii mkononi leo, usilipe kwanza. Iandikie ofisi iliyokutuma, kwa maandishi ili ujumbe ubaki: je, darasa hili hasa, la tovuti hii, mtalikubali? Linahitaji mtu wa kuzungumza nami au hapana? Mtakihakiki cheti kwa njia gani? Mwuzaji naye muulize nani mwingine anayeona majibu ya fomu yake, na kama hakujibu ndani ya siku moja, mfungie ukurasa. Uliza pia kama ushauri wa hospitali ya serikali utahesabiwa; wakikataa, waombe waandike sababu. Na piga 1192 hata kama hakuna cheti.

Mimi nimeanza kuandika kitu kidogo cha SMS: maswali 10, Kiswahili kwanza na Ekegusii baadaye, majibu yasihifadhiwe popote, na mwishoni namba ya kumpigia binadamu. Anayetaka kusaidia tafsiri ya Ekegusii aniandikie, maana neno "uraibu" limenishinda na wazee wamenipa majibu matatu tofauti.