Kichochezi Ndani ya Chanjo: Tusihukumu Kabla ya Kuuliza

Ndugu zangu katika imani, mjini Morogoro na hata huko Kinole na Matombo, mzee akitokwa na malengelenge upande mmoja wa mbavu, minong'ono huitangulia tiba. Huyu husema karogwa, yule humdhania Ukimwi. Ni kweli kwamba Ukimwi huufungulia mlango mkanda wa jeshi, lakini uzee nao huufungua. Kirusi cha tetekuwanga hujificha katika mishipa ya fahamu tangu utotoni. Kinga ikizeeka, huamka.

Chanjo ya Shingrix, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, ina protini moja tu ya kirusi hicho. Protini hiyo peke yake ni mgeni asiyebisha hodi. Kinga iliyochoka haimsikii. Ndiyo sababu imeongezwa kichochezi kiitwacho AS01. Kiambato chake kimoja hutokana na magome ya mti wa Chile, Quillaja. Cha pili hutokana na ukuta wa bakteria, nacho kimepunguzwa sumu. Viwili hivi huziamsha seli za kinga katika tezi zilizo karibu na sindano, nazo huwafunza askari wa mwili kumtambua adui. Maumivu ya mkono, uchovu na homa ya siku mbili tatu ni dalili za mwamko huo.

Chanjo ya awali, ya kirusi hai kilichodhoofishwa, iliwakinga wenye miaka 70 na zaidi kwa takriban asilimia 38. Hii imefikia takriban 90.

Wala jambo hili si geni kwetu. AS01 imo pia katika chanjo ya malaria, RTS,S, iliyojaribiwa Bagamoyo na Korogwe kati ya 2009 na 2014. Na kituo cha Bagamoyo ni cha Taasisi ya Afya Ifakara, iliyochipuka mkoani mwetu. Aidha, mwaka 1925 Mfaransa Gaston Ramon alitumia hata wanga wa muhogo kuchochea kinga ya farasi dhidi ya dondakoo.

Basi asemaye "wameongeza kitu ndani" amesema kweli. Kosa lake ni kuhukumu asichokiuliza. Enyi makhatibu na walimu, waiteni waganga wa hospitali misikitini waulizwe hadharani. Chanjo hii haimo katika ratiba ya taifa. Wazee wetu wanastahili tuidai kwa elimu, si kuikimbia kwa uvumi.

Wabillahi tawfiq.