Mchezaji Mpya Akikosa, Tumfanye Nini?



Jumamosi moja ya mwanzo wa mwaka wa masomo tulicheza basketi na vijana wa shule jirani, pale kwenye kiwanja chetu cha udongo chenye nguzo za mikaratusi. Wengi wenu mlikuwapo, mmesimama kando. Katika ekipe yetu alikuwamo mwanafunzi mmoja mpya, mara yake ya kwanza kuvaa jezi. Zilibaki sekunde kidogo, nasi tulikuwa mbele kwa pointi moja. Mpya akapata mpira, akaona mkono umeinuka upande wake wa kuume, akatupa pasi. Kumbe mkono ule haukuwa wetu. Adui akaupokea, akakimbia peke yake mpaka kikapuni, na mchezo ukaisha hapo hapo.

Mnakumbuka yaliyofuata. «Huyu anatumikia nani?» «Atoke! Asirudi tena!» Mmoja wetu akamnyang'anya jezi kabla hajatoka uwanjani. Na mimi ninayeandika, nisifiche kitu, nilicheka. Nilicheka sana.

Siku ya kwanza mtoto yule hakuja mazoezini. Siku ya tatu pia hakuja. Mpaka leo hajarudi. Tena wenzake wa darasa wameniambia kwamba hata mwalimu akiuliza ulizo, yeye hainui tena kidole, hata kama jibu analo. Juu ya jambo lile ninaandika. Kwa maana tumepoteza mchezo mmoja, hilo ni neno dogo. Lakini tumepoteza mchezaji, na labda tunapoteza mwanafunzi.

Sasa sikilizeni. Kosa lile lile, pasi ile ile kwa mkono wa adui, lilikwisha kufanyika mbele ya watu zaidi ya 60,000.

Ilikuwa tarehe 29 mwezi wa tatu 1982, mjini New Orleans, Marekani. Katika inchi ile basketi ya vyuo vikuu ni jambo kubwa sana. Watu wanajaa uwanjani na wengine mamilioni wanatazama kwa televizyo. Siku ile ilikuwa finali. Upande mmoja Chuo Kikuu cha Georgetown, ambacho ni cha Wajezuiti, wale wale walioanzisha Kolezi Alfajiri pale Bukavu. Upande mwingine Chuo Kikuu cha North Carolina. Georgetown walikuwa mbele kwa pointi moja, 62 kwa 61. Ndipo kijana mmoja wa North Carolina, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye miaka 19, akatupa mpira kikapuni: 63 kwa 62. Jina lake Michael Jordan. Kocha wake, Dean Smith, alikuwa na wachezaji wengine wakubwa, lakini alimwachia mpya yule nafasi ya kutupa. Wazeni kidogo: angekuwa wetu, sisi wa zamani tungekubali?

Georgetown walikuwa bado na sekunde za kutosha kushinda. Mpira ulikuwa mikononi mwa Fred Brown, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Akaona mtu upande wake wa kuume, akawaza ni mwenzake, akampa pasi. Mtu yule alikuwa James Worthy wa North Carolina. Basi, ikaisha. Mwaka mzima wa kazi ulipotea katika pasi moja.

Kocha wa Georgetown aliitwa John Thompson. Alikuwa mtu mweusi, mrefu zaidi ya metre mbili, mwenye kutembea na kitambaa cha taulo begani, na sauti yake iliogopwa. Alimfanya nini Fred Brown? Mbele ya watu wote na mbele ya makamera, alimkumbatia. Hakumwuliza «umefanya nini?» kwa kelele ili watu waone kwamba kosa si la kocha. Alimshika kwanza, masahihisho yalingoja siku yake.

Watu wengine watasema: sawa, huo ni wema, lakini wema hauleti kombe. Ngojeni. Fred Brown hakukimbia ekipe. Aliendelea kucheza, na tarehe 2 mwezi wa nne 1984, mjini Seattle, Georgetown wakafika tena kwenye finali. Adui zao walikuwa Houston, ambamo alichezea Mwafrika mwenzetu Hakeem Olajuwon wa Nijeria. Georgetown wakashinda, 84 kwa 75. Thompson akawa kocha wa kwanza mweusi kupata ubingwa ule. Na mchezo ulipokwisha, watu walimwona akimkumbatia tena nani? Fred Brown yule yule. Wahenga walisema: kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Lakini mimi naongeza: ni kwenda mbele kama wenzako hawajakusukuma chini.

Kocha huyo huyo anatuhusu sisi Wakongomani kwa njia nyingine. Mwaka 1987 kijana mmoja wa Kinshasa, Dikembe Mutombo, alifika Georgetown na bursi ya masomo. Alitaka kuwa munganga. Alikuwa mrefu metre 2 na sentimetre 18, lakini basketi alikuwa ameianza akiwa kijana mkubwa tayari, na Kiingereza chake kilikuwa kidogo sana. Mwaka wake wa kwanza hakucheza katika ekipe kubwa. Alijifunza lugha na masomo. Mwaka uliofuata, 1988-1989, aliingia, naye kwa kawaida alikaa kwenye benchi, akicheza dakika kidogo. Pointi zake hazikufika 4 kwa kila mchezo. Kama ingekuwa hapa kwetu, tungesema: «Urefu wa bure huyu, arudi kwao.»

Thompson hakumrudisha. Alimtafutia kazi aliyoiweza, ile ya kuzuia mipira ya adui karibu na kikapu, na yale mengine akamwongezea polepole. Mwaka wake wa mwisho, 1990-1991, Mutombo alipata pointi zaidi ya 15 kwa kila mchezo, na akapata pia diploma yake. Kisha akacheza miaka 18 katika ligi kubwa ya Marekani, akachaguliwa mara nne kuwa mlinzi bora wa mwaka. Kwa pesa zake alisaidia kujenga hospitali kule Kinshasa, yenye jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, iliyofunguliwa 2007. Alikufa tarehe 30 mwezi wa tisa 2024, na inchi nzima ilimlilia. Jiulizeni: kama makosa yake ya mwaka 1988 yangelipokelewa kwa kicheko na matusi, hospitali ile ingekuwa wapi?

Sasa nawasikia wazee wa ekipe: «Ndugu, unataka tuwabembeleze wapya kama watoto wachanga? Bila ukali hakuna adabu.» Hapana, sikusema hivyo. Thompson mwenyewe alikuwa mkali. Alidai wachezaji wasome, wafike kwa saa, wavae vizuri. Katika ofisi yake aliweka mpira mmoja uliotoka hewa, ili kila mchezaji akumbuke kwamba siku moja basketi itakwisha na maisha yatabaki. Huyo si mtu wa kubembeleza. Shida yangu si ukali. Shida yangu ni ukali usiofundisha kitu.

Hapa nataka niwape mfano wa kocha mwingine, John Wooden. Kabla ya kuwa kocha wa chuo kikuu alikuwa mwalimu wa sekondari wa kozi ya Kiingereza. Mwaka 1948 alianza kufundisha ekipe ya UCLA, mjini Los Angeles. Alingoja mpaka 1964 kupata ubingwa wa kwanza, miaka 16. Kisha, toka 1964 mpaka 1975, alipata ubingwa mara 10. Hakuna kocha mwingine wa wanaume kwenye vyuo vikuu vya kule aliyefika hapo.

Siku ya kwanza ya mwaka, wapya wanapofika, wengine wakiwa nyota kwao, Wooden aliwafundisha nini? Kuvaa soksi. Ndiyo, soksi! Aliwaonyesha namna ya kuinyoosha isiwe na mkunjo, kwa sababu mkunjo unaleta malengelenge, na mwenye malengelenge hawezi kukimbia. Hakusema «kila mtu anajua kuvaa soksi». Alianza pale ambapo mpya anaweza kukosa bila kujua, akamfundisha kabla hajakosa.

Katika mwaka wa michezo wa 1974-1975 maprofesa wawili wa saikolojia, Gallimore na Tharp, walikaa kando ya kiwanja chake na kuandika kila neno la kufundisha alilosema na kila tendo la kufundisha alilofanya. Waliandika 2,326. Karibu robo tatu yalikuwa mafundisho: fanya hivi, shika namna hii, simama hapa. Sifa zilikuwa karibu 7 tu kwa mia. Na makaripio matupu, yasiyo na fundisho ndani, yalikuwa pia karibu 7 kwa mia. Mnaona? Hakusifu sana, hakugomba sana. Alifundisha.

Na mchezaji alipokosa, Wooden alikuwa na desturi yake. Alisimamisha mchezo. Akaonyesha kwa mwili wake mwenyewe namna iliyo sawa. Akaonyesha namna mchezaji alivyofanya. Kisha akaonyesha tena ile iliyo sawa. Sekunde chache tu, na mazoezi yakaendelea. Hakuna hotuba, hakuna kumkumbusha kosa la juma lililopita. Mchezaji aliondoka na picha ya jambo zuri kichwani, si sauti ya kicheko masikioni.

Sasa tujipime sisi. Mpya wetu akitembea na mpira, tunamwambia nini? «Wee hujui kitu!» Neno hilo linamfundisha nini? Halimwambii mguu gani ulikosa. Anajua tu kwamba ametuchukiza. Na mtu anayeogopa kuchukiza hafanyi kosa kidogo, anafanya kosa kubwa zaidi: anaacha kuomba mpira. Anakimbia kwenye pembe ya kiwanja ambapo pasi haimfikii. Tunacheza watano, kumbe tuko wanne.

Na darasani ni vile vile. Mtoto wa mwaka wa kwanza anasimama kusema Kifaransa, anakosa neno moja, darasa lote linapasuka kwa kicheko. Kesho hasimami. Mwisho wa mwaka tunashangaa kwa nini pointi zake ni chini ya nusu. Walimu wetu, kwa heshima yote, mara nyingine nanyi mnacheka pamoja nasi. Tunawapenda, ndiyo sababu tunawaambia.

Lakini si kila kosa ni la namna moja. Kuna kosa la asiyejua bado, na kuna kosa la asiyetaka. Mwenye kuchelewa mazoezi mara tatu bila sababu, huyo akaripiwe, na akimbie kiwanja mara kumi. Mwenye kujaribu jambo na akakosa, huyo aonyeshwe. Tukichanganya hao wawili, mvivu na mwenye bidii watapata mshahara mmoja, na mwenye bidii atajifunza uvivu.

Basi, naomba mambo matatu kwa ekipe yetu, na anayetaka ayapeleke mpaka darasani.

La kwanza: mpya akikosa, mtu mmoja aseme, kapiteni au mwalimu wa michezo, si watu ishirini wa kando. Aseme kwa maneno machache, aonyeshe kwa mikono, tuendelee.

La pili: kila mpya apewe mkubwa mmoja wa kumfundisha, toka kufunga viatu mpaka kutupa mpira. Mpya akikosa, tutamwuliza kwanza yule mkubwa: «Ulimfundisha?»

La tatu: tusimtoe mpya mara tu akikosa. Tumwachie mpira unaofuata. Mtu akitolewa na kosa lake ndani ya moyo, analala nalo. Akipata mpira mwingine, analisahihisha mwenyewe.

Najua mimi si kapiteni. Mimi ni wa benchi, mnanifahamu. Lakini benchi lina faida moja: mtu anaona uso wa anayetoka. Niliuona uso wa mtoto yule siku ile, na bado nilicheka. Juma lililopita nilikwenda kumwona baada ya masomo. Nilimwomba radhi. Nilimwambia habari ya Fred Brown, akaniuliza: «Na kocha hakumfukuza?» Nikasema hapana. Akanyamaza. Kisha akaniuliza mazoezi yanaanza saa ngapi.

Nilimwambia saa tisa. Wandugu, akija, namna tutakavyompokea itakuwa juu yetu sisi. Mwenye mawazo mengine aandike naye, buletini ni yetu sote.

Mchezaji wa benchi,
mwaka wa tano